Magoti ya Musimbi

Khayega,
11 Februari 2024

Kavetsa mwanangu,

Barua hii nimempa Sifuna, maana kila wiki anapeleka ndizi Eldoret kwa lori lake la kanta, na hii simu yangu ndogo inachoka kabla sijamaliza salamu. Tangu wanipasue koo, nimegundua kwamba mtu asiye na sauti huwachosha wenzake kwa kuwapungia mikono. Afadhali kalamu. Kule kiwandani niliandika barua za watu wengine miaka mingi, sasa wacha niandike zangu.

Mwezi wa nane mama yako atakuwa ametimiza miaka ishirini tangu atuache. Nimeamua tulijenge kaburi lake kwa saruji na tufanye ibada ya ukumbusho. Kila ukumbusho ninaoenda huku, picha ya marehemu inawekwa mbele juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na watu wakiingia wanaitazama kwanza. Sisi hatuna. Picha zetu zote zilibaki ndani ya nyumba ya Langas, huko Eldoret, ile Januari ya vurugu baada ya uchaguzi, na unajua moto ulivyoimaliza nyumba hiyo. Guku Maximilla, bibi yako mzaa mama, alikuwa na moja ya harusi, lakini unyevu umeila. Mimi bado niko pale mzima na tai yangu, na kando yangu pana doa la kahawia.

Wewe ndiye mchoraji. Nataka umchore mama yako kuanzia kifuani kwenda juu, akitazama mbele, na umpake rangi vizuri. Sina haja ya kukueleza sura yake ilivyokuwa. Ulikuwa na miaka minane, na mtoto hasahau mama yake.

Ni mimi baba yako,
Maurice Shitanda


Langas,
25 Februari 2024

Baba,

Sifuna alinikuta juu ya ngazi nikiandika jina la duka la dawa za mifugo. Nilisoma barua yako hapo hapo, brashi mkononi, mpaka mwenye duka akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba yangu ameniandikia.

Nitamchora mama. Nimefurahi umeniuliza mimi.

Nisaidie na vitu vidogo tu. Alikuwa na mwanya? Nyusi zake zilikuwa nzito ama nyembamba? Pua yake ilikuwa kama ya Guku? Si kwamba sijui, nataka tu kuwa na uhakika.

Huku niko sawa. Mchana naandika mabango, jioni nachora yangu. Yule rafiki yangu Naomi Jemutai, mwalimu wa sanaa, amepata ukumbi wa kanisa mjini kwa mwezi mzima wa Julai, na anataka tuoneshe michoro peke yake, bila rangi. Yangu ni vile vitu vya ajabu ambavyo ulikuwa unanikemea nikichora nyuma ya daftari. Jiko lenye wingu linalochemka. Kabati lililoota mizizi katikati ya shamba la ngano. Nyumba yetu ya hapa Langas ikiondoka kwa miguu ya moshi. Naomi husema kuna jina la kigeni la uchoraji wa namna hii, sarealisti. Mimi husema nachora kitu kama kinavyokuwa ndotoni, kabla hujaamka kikakutoroka.

Uendelee kunywa uji ukiwa vuguvugu, usisahau.

Mwanao,
Kavetsa


Khayega,
17 Machi 2024

Kavetsa mwanangu,

Barua yako ilifika na harufu ya ndizi mbivu. Nimeshukuru.

Maswali yako ni mengi kwa mtu aliyelelewa na mama huyo. Pua yake ilikuwa pua nzuri. Macho yake yalikuwa ya mtu mwema, kila mtu wa Langas angekuambia. Kuhusu nyusi, mwanamume haketi akakagua nyusi za mkewe. Kama umekwama, jitazame kwenye kioo. Tangu uzaliwe watu wanasema mmefanana.

Fundi ameshaanza kuchimba. Saruji itakuja baada ya mvua. Mchoro uwe umefika mapema ili tuutafutie fremu ya kioo huku Kakamega.

Hayo makabati yenye mizizi mwachie Naomi.

Baba yako,
Maurice Shitanda


Langas,
21 Aprili 2024

Baba,

Mchoro uko ndani ya hilo bomba la plastiki. Tafadhali usiufungue ukiwa umesimama. Keti, utandaze mezani, uweke kikombe kila pembe.

Utaona magoti mawili makubwa kama vilima, moja kila upande. Katikati kuna kichwa cha mtoto, amekupa kisogo. Nywele zake zimegawanywa mistari, na mistari ile inashuka mabegani, inageuka matuta ya mahindi, inakwenda mpaka ukingo wa karatasi. Mikono miwili inatoka juu kwenye wingu. Mkono mmoja umeshika kitana, mwingine umeshika mvua na unaisuka pamoja na nywele. Huyo ndiye mama. Ndivyo ninavyomwona.

Najua uliomba rangi. Nilijaribu kwa wiki kadhaa na rangi ikakataa. Watu wakiona penseli na makaa wanadhani ni matayarisho, kama nyumba iliyosimamishwa nguzo ikingoja mabati. Kwangu mimi mchoro ndio nyumba yenyewe. Rangi ya mafuta hukaa miaka na miaka ikijifanya kwamba kitu bado kipo. Makaa ni mti ambao tayari umeungua. Hayamdanganyi mtu. Ukiyapitisha kwenye karatasi yanasema, kulikuwa na kitu hapa.

Sijui kama nimejieleza. Nimeuchora kwa moyo wote.

Mwanao,
Kavetsa


Khayega,
5 Mei 2024

Kavetsa,

Niliketi kama ulivyosema. Niliweka vikombe.

Nilikuomba mama yako, ukaniletea magoti. Nitayaweka magoti ya mke wangu mbele ya padri na wazee wa ukoo? Mtu mwenye sauti angesimama awaeleze habari za mawingu na makaa. Mimi siwezi. Picha itakayowekwa mezani lazima ijisemee yenyewe, na hii haisemi Musimbi. Inasema mchoraji alichoka kabla ya kufika juu.

Kama hukuwa na wakati ungeniambia, ningeelewa. Kazi za watu ni nyingi. Mchoro nimemrudishia Sifuna, atakupa.

Ibada itafanyika bila picha.

M. Shitanda


Langas,
19 Mei 2024

Baba,

Mchoro umefika salama.

Sikuchoka. Tangu barua yako ya Machi nilichora uso wa mama kila jioni. Nilijitazama kwenye kioo kama ulivyoniambia, nikachora, na kila nikimaliza ni mimi ninayejitazama kutoka kwenye karatasi. Nikiongeza miaka ni mimi nikiwa mzee. Nikiweka kitambaa kichwani ni mimi na kitambaa. Nilichana zote.

Baba, sina uso wake. Sijui ulienda lini. Kila Jumamosi jioni nilikaa chini kati ya magoti yake akinisuka kwa ajili ya kanisa, na nilikuwa nimempa kisogo. Ninachokijua ni magoti. Najua mikono, harufu ya mafuta, na sauti ikitoka juu ikiniambia nitulie. Nilikuwa naona mlango na mvua uani. Hakuna siku niliyowaza kugeuka nimtazame, kwa sababu hakuna mtoto anayewaza hivyo.

Niliogopa kukuandikia haya. Nilifikiri utaona kama nimemtupa.

Naomi ameniomba mchoro huu kwa maonyesho, nami nimempa. Angalau huko utakuwa na ukuta.

Nakutakia afya njema.

Kavetsa


Khayega,
14 Julai 2024

Kavetsa mwanangu,

Barua yako ya mwezi wa tano nimeiweka ndani ya Biblia wakati huu wote. Kila nikichukua kalamu naiweka chini. Usidhani nilikuwa na hasira.

Sasa nikuambie nilikokuwa Alhamisi. Nilivaa koti langu la kiwandani nikapanda kanta ya Sifuna, nikakaa mbele pamoja naye. Tangu tutoke Eldoret na wewe ukiwa umelala begani kwangu, sikuwa nimerudi. Nilidhani miguu itakataa nikishuka, lakini mji umebadilika sana, sikupata hata mahali pa kuogopa. Sifuna alinifikisha kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu Naomi alikuwa mlangoni. Nilimwonesha koo langu, akaelewa, akaniletea kiti na chai. Sikumwambia mimi ni nani. Niliandika kwenye kipande cha karatasi nikiuliza kama wachoraji wapo, akasema Kavetsa amekwenda Ainabkoi kuchora ukuta wa shule. Nilishukuru moyoni, kwa sababu nilikuwa sijui ningekutazama vipi.

Niliona ile nyumba ya moshi. Niliitambua kwa dirisha lililokosa kioo kimoja. Sitasema mengi kuhusu hiyo.

Kisha nikafika kwa magoti. Mezani kwangu nilikuwa nimeyatazama kutoka juu, kama mtu anayesoma risiti. Ukutani yalikuwa juu yangu. Nilisimama pale mzee mzima nikawa mtoto aliyekaa chini.

Mama mmoja alikuja akasimama kando yangu, Mkalenjin wa makamo, ana mtungi wa maziwa kwenye mfuko. Alitazama muda mrefu. Akajishika kisogo, hapa chini ambapo kitana huuma, akaniambia polepole, "Mzee, huyu ni mama yangu."

Nilitaka kumwambia hapana, huyo ni mke wangu, anaitwa Musimbi. Nikafungua mdomo, na unajua hakuna kinachotoka. Basi nikatikisa kichwa kukubali. Alikuwa anafuta macho na leso. Tukasimama wawili pale kama watu wa msiba mmoja.

Ndipo nikaona goti la kushoto. Umeweka alama hapo, imejipinda kama mwezi mchanga. Kavetsa, hilo kovu ni langu. Kabla hatujaoana mama yako alifanya kazi jikoni kwenye hospitali ya misheni pale Plateau, na siku moja nilimbeba kwa baiskeli nikijionesha, tukaanguka kwenye kokoto. Alicheka kwanza, kisha akaona damu ndipo akalia. Nilimwosha goti kwa soda kwa sababu maji hatukuwa nayo. Nilikuwa nimelisahau kovu hilo kabisa. Wewe umelitoa wapi?

Na sasa la mwisho, nalo ndilo lililonikalisha kimya miezi miwili. Mimi pia sina uso wake. Nilikuwa zamu za usiku. Nilipoingia yeye alikuwa akitoka kwenda sokoni, tukasalimiana mlangoni, nikalala. Niliwaza tutakuwa na wakati nikistaafu. Uliponiuliza habari za nyusi, nilikaa kitandani nikitafuta nyusi, nikakuta doa kama lile la picha ya harusi. Nilikutuma wewe umlete kwa sababu mimi sikuweza, halafu nikakukasirikia kwa kurudi mikono mitupu. Na hukurudi mikono mitupu.

Maonyesho yakiisha, kama mchoro haujaahidiwa mtu, nakuomba uniletee. Hutahitaji kuongeza kitu.

Baba yako,
Maurice


Langas,
21 Julai 2024

Baba,

Naomi ameniambia kulikuja mzee mmoja mwenye koti la kijivu, akanywa chai, akakaa mbele ya magoti mpaka wakataka kufunga. Naomi akasema, "Hakuuliza maana yake, na wote huuliza." Nilikuwa nimemwonea wivu Naomi kwa kukutana na mtu kama huyo. Halafu nikasoma barua yako.

Nilipokuwa nikichoka kukaa wima, nililaza kichwa kwenye goti lile la kushoto, na sikio langu likakaa juu ya kovu. Lilikuwa laini kuliko ngozi nyingine. Niliuliza ni nini, akasema, "Ni baba yako." Nilidhani ananitania.

Kuna mtu aliutaka mchoro, nikamwambia una mwenyewe.

Nitakuja nao Agosti mimi mwenyewe. Lakini jambo moja ulijue mapema. Wachoraji wengi hupuliza dawa juu ya makaa ili yashike karatasi yasifutike. Huu sikuupuliza. Naomi alinisihi, nikakataa, kwa sababu nilitaka uchakae kama vitu vingine vinavyochakaa. Sasa kwa kuwa ni wako, amua wewe. Ukitaka nitaupuliza kabla ya kuja, utakaa miaka mingi. Usipotaka, watu wasiuguse.

Mwanao,
Kavetsa


Langas,
11 Agosti 2024

Baba,

Mkuu wa shule ya Ainabkoi anataka ukuta umalizwe kabla watoto hawajarudi, na nimebanwa kabisa, sitaweza kuja. Nimelia, lakini nimeshachukua kazi ya watu. Sifuna anakuletea mchoro. Hukunijibu kuhusu ile dawa, kwa hiyo nimeuacha ulivyo. Niombee msamaha kwa Guku.

Kavetsa


Khayega,
25 Agosti 2024

Kavetsa mwanangu,

Sikukujibu kuhusu dawa kwa sababu nilibadili nia kila asubuhi. Wacha nikueleze siku ilivyokwenda, maana hukuwepo.

Fremu nilipata, kioo hapana. Fundi alikikata kidogo kuliko kipimo, akaahidi kingine, siku ikafika. Nikaweka mchoro mezani hivyo hivyo juu ya kitambaa cheupe, nikasimama kando kama askari.

Watu waliingia wakatazama. Wazee walikohoa. Murunga, yule binamu yangu asiyejua kunyamaza, akauliza kwa sauti, "Sasa marehemu ni yupi hapa?" Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu. Nilitamani ardhi inimeze.

Guku Maximilla alikuwa nyuma, wamemshika mikono huku na huku. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na kivuli tu. Akasema, "Nipelekeni kwa mtoto wangu." Wakamleta mpaka mezani. Mimi nikanyoosha mkono nimzuie, nikikumbuka maneno yako kwamba watu wasiuguse. Halafu nikaona ananyoosha kiganja chake, kinatafuta uso pale juu ambapo watu huwekewa uso. Nikauondoa mkono wangu.

Aligusa wingu. Akashuka taratibu, akapita mikono, kitana, akafika kwenye magoti, na hapo akasimama. Akauliza ni nini hiki. Mke wa Murunga akamwambia, "Guku, ni Musimbi ameketi, anasuka Kavetsa."  Guku akasema kwa Kilogooli, na watu wote wakasikia, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Musimbi kusuka, akiwa amemweka hivyo hivyo kati ya magoti yake. Akasema, "Nimemwona."

Wanawake wakaanza kuimba bila kungoja padri. Hata Murunga alivua kofia.

Guku alipotoa mkono, wingu lilikuwa limefutika nusu, na kiganja chake kilikuwa cheusi. Walimletea maji anawe kabla ya chakula. Alikataa. Alikula kwa mkono wa kushoto, yeye aliyewachapa watoto wote kwa kosa hilo, na wa kulia akaulaza mapajani umefunguka.

Mchoro wako umeharibika, mwanangu, kama hilo ndilo neno. Pale juu pamebaki njia ya vidole vinne. Nimekaa nao jioni hizi mbili na sioni kama pamepungua kitu. Kile kioo kimeletwa, nimemwambia fundi akiuze.

Kuna jambo nataka kukuomba. Daktari wa koo anataka kunifungua tena mwezi wa kumi. Anasema ni kuangalia tu, nami nimemwamini. Lakini mimi uso wangu bado upo, na wewe unao mkono. Njoo unichore kabla sijaenda. Chora utakavyo. Ukitaka kuniwekea mizizi, weka.

Baba yako,
Maurice


Langas,
1 Septemba 2024

Baba,

Nimemsomea Naomi barua yako, nikashindwa kumalizia pale kwa mkono wa Guku, akamalizia yeye.

Usiuguse mchoro. Uache na njia ya vidole. Mimi niliishia pale, Guku ameendelea.

Ukuta wa Ainabkoi nimemaliza jana. Ijumaa nakuja na Sifuna, na nitakaa mpaka uende hospitali na mpaka utoke. Nimeaga kazi. Nitabeba karatasi na makaa, nitakuchora vyovyote utakavyotaka, na tai ama bila tai.

Lakini siku ya kwanza sitachora, Baba. Utaweka kiti chako uani kwenye mwanga, nami nitaweka changu mbele yako, tukitazamana, na usinipungie mikono kuniuliza nangoja nini. Nataka kukuangalia tu.

Mwanao,
Kavetsa